Mabesi Manne Ghalani

Asubuhi ya Saba Saba, mwaka wa tisini na sita, Wendelin Kapinga alivua viatu mlangoni mwa ghala la kahawa, akavipanga ukutani, akaingia peku. Anayeijua Mbinga ya mwezi wa saba atakubali kwamba hilo si jambo la mtu mwenye akili timamu. Ukungu ulikuwa bado umekalia mabati, na wabeba mizigo wawili waliokuja kusaidia walikuwa wamejifunika makoti ya mitumba mpaka shingoni. Mmoja wao alimwuliza kama amelogwa. Wendelin alitabasamu, akaitikia kwa kichwa kama alivyokuwa akiitikia karibu kila jambo siku hizo, akaendelea kukanyaga mbao polepole kutoka mlangoni hadi jukwaani.

Alikuwa fundi wa muziki, na masikio yake yalikuwa yamekufa nusu.

Si kwamba alikuwa hasikii kabisa. Mngurumo wa lori aliusikia, na radi, na sauti ya mwanamume aliyesimama karibu na kusema kwa kifua. Ila sauti nyembamba zilikuwa zimemtoroka moja moja. Walianza ndege wa alfajiri, ikafuata kengele ya baiskeli, kisha watoto, kisha wanawake. Sauti ya mkewe Otilia ilichelewa kuondoka, lakini nayo iliondoka. Wendelin hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo, kucheka wenzake wanapocheka, na kukaa mahali ambapo hakuna wa kumsemesha kwa nyuma. Fundi wa muziki asiyesikia ni kama mpishi asiye na ulimi. Nani atamwachia chungu? Basi alikuwa amejiapiza kwamba siri hiyo ataingia nayo kaburini.

Masikio hayo aliyaacha Matiri, kwenye mashine ya kijiji ya kusaga. Alikabidhiwa mashine ile akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akakaa nayo kumi na saba. Lilikuwa dude la dizeli lenye mngurumo wa kuwahamisha kuku. Kutwa nzima alisimama mbele yake bila viatu, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba nyayo zinajua mambo mapema kuliko macho. Mkanda ukianza kuteleza, nyayo zilijua. Kokoto ikiingia na mahindi, nyayo zilijua, na aliwahi kuzima kabla mawe ya kusagia hayajaumia. Watu wa Matiri walimsifu kwa hilo. Miguu ikawa inajifunza, masikio yakawa yanasahau, na yeye wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Zikaja siku za ruksa, biashara ikaachiwa watu binafsi. Kijiji kiliuza mashine kwa mfanyabiashara mmoja, naye mfanyabiashara akaja na mpwa wake wa kuiendesha. Wendelin akamchukua mkewe na binti yake Stella, akahamia Mbinga mjini, akaanza kutengeneza redio, maana redio wakati huo zilikuwa zikiingia kutoka kila upande wa dunia na kuharibika kabla ya mwaka kwisha. Alinunua spika zilizoungua, akazisuka upya nyaya zake, akazitengenezea masanduku ya mbao yenye kimo cha kufika kifuani, ndiyo mabesi yake. Alipomaliza la nne, watu wakaacha kumwita Kapinga wa redio, wakaanza kumwita fundi wa muziki. Jina hilo lilimkaa mwilini vizuri kuliko shati lolote alilopata kuvaa.

Watani nao hawakukosekana. Walisema redio ikitoka kwa Wendelin inapayuka kama imegombana na mwenyewe. Ilikuwa kweli. Alizipandisha sauti nyembamba mpaka yeye azipate, na mwenye redio akifika nyumbani, mbwa wanatoka nje.

Hata Otilia alikuwa amebadilika, au ndivyo Wendelin alivyoona. Meza yake ya kazi ilielekea dirishani ili apate mwanga, mgongo wake ukiwa chumbani, na mkewe alikuwa amezoea kuja kuigonga meza hiyo kwa kiganja kabla ya kusema neno. Mbili za haraka: pa-pa! Viwiko vya Wendelin vilizisikia, akageuka na kuuliza, "Nini tena, Mama Stella?" Alidhani ni hasira za utu uzima. Alivumilia, akajiona mume mwema.

Sasa turudi ghalani. Ghala lenyewe lilikuwa la chama cha ushirika, na miaka ya nyuma lilijaa kahawa mpaka kwenye kenchi za paa. Siku hizi wanunuzi binafsi walikuwa wanaifuata kahawa huko huko kwa wakulima, na ghala limebaki na mizani moja kubwa yenye kutu na harufu ya magunia. Sakafu yake ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya boriti ili kahawa isishike unyevu. Mwanamke mmoja wa ziwani, Violet Chiwangu, aliyepata mtaji wake kwa kupandisha dagaa kutoka Mbamba Bay, alilitazama ghala lile tupu akaona ukumbi wa dansi. Akalikodi, akajenga jukwaa, akatangaza dansi la mchana la Saba Saba, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili jioni. Likifaulu, kila Jumamosi litapigwa dansi, na ukumbi utahitaji fundi mmoja wa kudumu. Fundi huyo angepimwa leo.

"Shikamoo, Baba Stella," Violet alisema, amesimama mbele yake sawasawa, na Wendelin akayaona maneno.

"Marahaba, mama."

"Mabesi nataka jukwaani. Mawili kulia, mawili kushoto, yawatazame watu. Anayeingia mlangoni ayaone kabla hajaniona mimi."

Yakawekwa. Hamphrey, mdogo wake Violet, kijana wa Mbamba Bay aliyekuwa mpiga disko wa ukumbi huo, aliwasha jenereta nje, akaweka kaseti, akazungusha vitufe vya miksa. Wendelin alianza kutembea. Karibu na jukwaa besi ilimpanda mpaka magotini. Hatua kumi mbele, ikazimika chini ya nyayo kama mtu aliyekatizwa usemi. Akaenda kushoto, ikarudi. Akaenda mbele tena, ikafa tena. Pale katikati, mahali ambapo watu mia tatu walitakiwa kucheza, palikuwa pamekufa kabisa. Akamwashiria Hamphrey aongeze. Hamphrey akaongeza, kuta zikatetemeka, mizani ikalia kutu yake yote, na katikati pakabaki vilevile.

Wendelin alimwita Violet pale pale palipokufa. "Simama hapa. Unaipata tumboni?"

Violet alisimama, akaweka mkono tumboni, akakunja uso. "Siipati. Spika zako ni mbovu?"

"Hazina ubovu. Zimekaa vibaya. Umewahi kuona shamba la ngoro?"

"Nimeyaona njiani. Mashimo na matuta, mashimo na matuta, kilima kizima."

"Basi ukumbi huu sasa hivi ni ngoro. Mabesi yakitengana, kila moja linatuma sauti yake, na zikikutana, huku zinabebana, kule zinameza nguvu zao zenyewe. Zinapobebana ni tuta. Zinapomezana ni shimo. Wewe umesimama shimoni. Na kuta nazo zina matuta yake. Niachie niyaweke yote manne pamoja, chini, mahali ambapo ukumbi wenyewe utanionyesha."

"Chini?" Violet alicheka bila furaha. "Watu wasipoyaona watasema nimekodi redio."

"Watayaona kwa tumbo."

Violet alikuwa mwanamke aliyezoea kununua samaki kwa kufunua matumbo yake, na maneno ya mtu hayakumtosha. "Saa sita afisa utamaduni anakuja kukagua," alisema. "Mpaka saa sita, fanya unavyotaka. Saa sita nikisimama hapa nisipate kitu, yanarudi jukwaani, na Jumamosi ijayo nitajua la kufanya."

Wendelin alielewa. Akainama kufungua nyaya, moyo ukimwenda mbio, ila kwa mbio za mtu anayejua kazi yake.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Wanawake walikuwa wanafagia nyuma ya jukwaa, na vumbi la miaka ishirini ya kahawa lilikuwa limetanda. Violet alijifunga khanga puani na mdomoni. Akaja kusimama juu yake, akasema jambo refu, akionyesha miksa, kisha mlango, kisha miksa tena. Wendelin alitazama khanga. Haikuwa na midomo. Angeweza kusema, "Rudia, mama, sikukupata," neno ambalo mtu yeyote mwenye masikio mazima analisema mara kumi kwa siku. Lakini mwenye kidonda hujikuna kwa siri, na aliogopa hata neno hilo dogo. Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Ndiyo, mama. Hakuna taabu."

Violet akaondoka ameridhika. Hamphrey akaja, akachuchumaa mbele yake, na huyo alikuwa na sauti nzito na mdomo wazi.

"Basi baba, mimi nashuka stendi. Kaseti mpya zinakuja na gari la Mbamba Bay, na gari lenyewe unalijua, linafika linapotaka. Umenisaidia sana kukubali kushika miksa."

"Miksa?"

"Afisa akija. Si atataka kuhutubia? Saba Saba haiwezi kupita bila hotuba. Wewe utamshikia maiki."

Nyayo za Wendelin zikawa baridi kuliko mbao. Tangu aanze kazi hiyo hajawahi kukubali maiki. Siku zote alikuwa na udhuru: mara yeye ni mtu wa nyaya tu, mara mkono unamuuma, mara vijana nao wajifunze. Besi aliijua. Maiki ilikuwa dunia ile iliyomtoroka, dunia ya s na f na miluzi, na sasa ameikubali mbele ya mashahidi kwa kutikisa kichwa.

"Hamphrey," alisema, "kabla hujaenda, weka vitufe vyote panapofaa kwa maiki. Chora chaki."

"Unavijua, baba."

"Chora tu."

Hamphrey alichora mistari midogo ya chaki kando ya kila kitufe, akacheka, akaenda zake. Wendelin aliitazama mistari ile kama mgonjwa anavyotazama vidonge. Maadamu haigusi miksa, alijiambia, maiki itabaki pale ilipoachwa na mwenye masikio.

Akarudi kwenye anachokijua. Aliwaambia wabeba mizigo walete besi moja katikati ya ukumbi, palepale palipokuwa na shimo, waliache limesimama peke yake. Wakatazamana. Besi huwekwa kwenye kona na watu wakakaa katikati. Huyu mzee anaweka besi katikati kana kwamba ndilo linalocheza. Hawakujua kwamba njia aipitayo sauti kwenda ndiyo njia yake ya kurudi. Ukitaka kujua besi likae wapi ili mchezaji alipate, liweke kwenye nafasi ya mchezaji, kisha wewe uzunguke kando ya kuta ulitafute. Utakapolikuta lina nguvu, hapo ndipo pa kuliweka. Wendelin hakufundishwa na mtu. Aliligundua Matiri, alipoona kwamba mashine ya kusaga ilitikisa pembe moja tu ya kibanda, na kwamba akigonga pembe ile kwa nyundo, mashine nzima inaitikia.

Akawasha kaseti, akaanza kuzunguka. Nyayo kwenye mbao, kiganja ukutani. Ukuta wa mlangoni, hafifu. Pembe ya kwanza, ilivuma lakini kwa fujo, kama watu wengi wanaosema kwa wakati mmoja. Akaendelea. Saa ya Violet, aliyoining'iniza kwenye msumari jukwaani, ilionyesha saa tano kasoro. Ukuta wa kaskazini, hakuna kitu. Mizani. Akaipita mizani. Hatua nne kabla ya kufika pembeni, alisimama ghafla. Besi ilipanda kwenye visigino, ikapita magotini, ikatulia kifuani, nzito na safi. Akarudi hatua moja, ikapungua. Akaenda mbele moja, ikachafuka. Akarudi palepale, akachora msalaba wa chaki sakafuni.

"Leteni yote manne hapa!"

Waliyabeba huku wakilalamika. Alipoyawasha pamoja, akatembea hadi katikati, na katikati pakawa pabaya kuliko mwanzo. Jasho likamtoka katika baridi ile. Saa tano na nusu. Violet alikuwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni, na khanga sasa ilikuwa shingoni, kwa hiyo midomo yake ilionekana vizuri sana, imebana.

Wendelin alirudi mbio, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye uso wa spika ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Zote zilisukuma. Ya nne ilivuta. Wenzake wakitoka, yeye anaingia. Nyaya zake mbili zilikuwa zimebadilishwa nafasi wakati wa kuhamisha, na besi moja lilikuwa likiyala matatu. Akafungua skrubu. Akageuza nyaya, akafunga, akawasha.

Sakafu nzima ikaitikia. Hakuhitaji kutembea. Alimwona mbeba mizigo mmoja, yuleyule wa swali la kulogwa, akiangalia miguu yake mwenyewe kwa mshangao, kisha akaanza kuchezesha mabega. Violet alikuja katikati, akasimama, akaweka mkono tumboni. Akaenda kushoto, akaja kulia, akatafuta shimo asilione. Kisha akamgeukia.

"Baba Stella," alisema, "Jumamosi zote ni zako."

Raha aliyoipata Wendelin haina maelezo. Alitamani kukaa chini. Laiti siku ingeishia hapo! Lakini saa ilikuwa sita kasoro dakika tano, na mlangoni gari lilikuwa linasimama.

Afisa utamaduni, Bwana Tumsifu, alikuwa mtu wa Kilimanjaro aliyeletwa Mbinga mwaka uliopita, mpole, mwenye suti na mapenzi makubwa kwa sauti yake mwenyewe. Alikagua milango, akahesabu ndoo za mchanga wa kuzimia moto, akasifu usafi. Kisha akaiona maiki, uso ukachangamka.

"Tuijaribu kidogo," alisema. "Na muziki ubaki chini chini, usizimwe. Inapendeza."

Wendelin alisogea nyuma ya miksa na mikono mgongoni ili isishawishike kugusa kitu. Wakati huohuo Otilia aliingia kwa mlango wa nyuma na chupa ya chai na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye kitambaa. Alimwona mumewe amesimama kwenye miksa, akamwona afisa na maiki, akasimama palepale. Hakusogea tena.

Bwana Tumsifu alianza vizuri jukwaani. Watu wapatao thelathini waliokuwa ukumbini, wauza soda, wafagizi, wanunuzi wa tiketi za mapema, walijikusanya kumsikiliza. Lakini mtumishi wa umma akipewa waya mrefu hukumbuka kwamba anatakiwa kuwa karibu na wananchi. Akashuka ngazi. Akatembea na maiki yake mpaka mbele ya spika ndogo za juu, zile za sauti nyembamba, akasimama hapo, akaielekeza maiki kwenye midomo ya spika.

Maiki ikapiga mluzi. Mluzi ule, walioupata wanasema, uliingia kwenye meno. Mtoto mgongoni mwa mama yake alianza kulia. Soda ziliangushwa. Watu wote wakaziba masikio kwa viganja, na Bwana Tumsifu, badala ya kuondoka, akasimama ameganda na maiki mkononi, akiitazama kana kwamba ni nyoka.

Wendelin hakuupata. Alichokipata ni besi iliyokuwa inapita chini chini kwenye mbao, imetulia, safi, bila shimo. Alichokiona ni watu thelathini walioziba masikio. Na Mungu anisamehe kwa kulisema: alidhani ni kazi yake. Alidhani besi imewaelemea. Akatabasamu. Akainua hata dole gumba, akawaonyesha.

Violet alipita mbele yake mbio, akavuta plagi.

Sakafu ikafa. Wendelin alidhani jenereta imezima, na kama ambavyo fundi yeyote angefanya, aliwageuzia mgongo, akainama kufuata waya hadi ukutani aone palipokatika. Nyuma yake ukumbi ulikuwa kimya.

"Baba Stella," Violet aliita.

Wendelin aliendelea kukagua waya.

"Baba Stella!"

Akabonyeza swichi, akaibonyeza tena.

"Mzee Kapinga! Tunakuita!" Hapo mtu mmoja alianza kucheka, akanyamaza mwenyewe. Watu walikuwa wanatazama mgongo ule ulioinama, wa mtu anayeitwa kwa sauti ya kumwamsha aliyelala, na ambaye hata bega halikutikisika. Kila mmoja pale alikuwa anaelewa kwa wakati wake, na Violet alikuwa ameelewa wa kwanza. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Wendelin aliumbuliwa na maiki, tena bado mzima.

Kisha Otilia, kule kwenye mlango wa nyuma, aliinua kisigino chake, akakipiga kwenye mbao. Mbili za haraka.

Pa-pa!

Zilipita chini ya ukumbi mzima, chini ya miguu ya afisa na ya Violet, zikamfikia kwenye nyayo. Wendelin aligeuka papo hapo, akauliza kwa sauti yake kubwa ya nyumbani.

"Nini tena, Mama Stella?"

Aliwaona watu wote wakimtazama, kisha wakamtazama mkewe, kisha yeye tena. Alimwona Violet na plagi mkononi. Aliona chozi kwenye shavu la Otilia, mwanamke ambaye hakulia hata siku walipoihama Matiri. Na polepole akaiona meza yake ya kazi dirishani, na kiganja kile, mara mbili, kila siku, mwaka wa pili huu. Haikuwa hasira. Siri aliyokuwa akimficha mkewe, mkewe ndiye aliyekuwa akimtunzia.

Alitaka sakafu ile ifunguke.

Violet alimjia taratibu mpaka akasimama mbele yake, uso kwa uso, na safari hii alifungua mdomo sawasawa, neno baada ya neno. "Husikii."

Wendelin alifikiri juu ya udhuru alionao, naye alikuwa nao mwingi. "Sisikii," alisema. "Sauti nyembamba sizipati. Wanawake siwapati, nisipowaona midomo."

"Ungeniambia leo asubuhi."

"Ungenipa kazi?"

Violet hakumdanganya, na kwa hilo Wendelin alimheshimu mpaka mwisho wa maisha yake. "Nisingekupa," alisema. Akatazama mabesi manne yaliyojipanga ukutani baada ya mizani, mahali ambapo mgeni asingeyaona. "Maiki na miksa hutagusa tena kwenye ukumbi huu. Hizo ni za Hamphrey. Mabesi ni yako, na uyaweke unapotaka. Lakini siwezi tena kukuita fundi wa muziki mbele ya watu, Baba Stella. Leo wameona."

Akaondoka kwenda kumtuliza afisa. Wendelin alisimama. Jina lilikuwa limevuliwa mwilini, na baridi ya mwezi wa saba ilimwingia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Otilia alikuja, akaweka chupa ya chai juu ya miksa, akamshika mkono.

"Tangu lini?" Wendelin aliuliza.

"Tangu Stella alipoimba kwaya ya Pasaka, ukapiga makofi wakati bado anaimba."

"Mimi nilidhani una hasira."

"Hasira nilikuwa nazo pia," Otilia alisema.

Dansi lilianza saa nane. Walioingia walimwuliza Violet spika ziko wapi, na kabla hajajibu walikuwa wanacheza. Wendelin alikaa peku kando ya msalaba wake wa chaki hadi saa kumi na mbili, akisogeza besi moja nusu hatua watu walipozidi kujaa, maana watu nao hunywa sauti. Walipita mbele yake wakicheza, wengine wakawanong'oneza wenzao masikioni huku wakimwangalia. Minong'ono hiyo haikumfikia, ila macho aliyaona, nayo yalimchoma.

Redio zilipungua kuletwa baada ya hapo. Wateja waliobaki ni wale wanaokaa wasikilize wenyewe huku akitengeneza, wamwambie panda, wamwambie shuka.

Jumapili ya pili ya mwezi ule, Otilia alirudi kutoka misani akamkuta anahangaika na meza yake ya kazi. Alikuwa ameiondoa dirishani, penye mwanga, akaivuta hadi upande wa pili wa chumba. Aliiweka, akakaa, akainuka, akaisogeza kidogo, akakaa tena, kama anayetafuta mahali pa besi. Mwishowe akaridhika. Ukiketi hapo, taa utaihitaji hata mchana, lakini mlango wa jikoni unauona wote.

Otilia alikuja na uji. Kwa mazoea aliinua kiganja kuigonga meza, akakuta mumewe anamtazama tayari, akisubiri midomo yake. Akakishusha kiganja, akakaa mbele yake, akaanza kumsimulia aliyoyasema padri.